Nairobi hadi Mombasa kwa Baiskeli: Dalili na Vyanzo vya Matatizo ya Msafara wa Kuchangisha Fedha

Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ina urefu wa takriban kilomita 480 na inashuka kutoka mwinuko unaokaribia mita 1,700 hadi usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo watu wengi wanaojiandikisha kwa msafara wa baiskeli hudhani kwamba kazi yao itakuwa kuketi na kuteremka. Kati ya Athi River na Emali kuna vilima vya kutosha kumchosha mtu ambaye mazoezi yake yote ameyafanya kwenye vijia vya Msitu wa Karura, na baada ya Mtito Andei, ambapo vilima vinapungua, joto na upepo hushika zamu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu waliokabidhiwa kuongoza msafara wa aina hiyo kwa siku nne au tano, wakiwa na waendeshaji wa viwango tofauti, gari la msaada na wafadhili wanaosubiri habari. Unafuata matatizo jinsi yanavyojitokeza njiani, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo, kwa kuwa mahali tatizo linapoonekana mara nyingi sipo lilipoanzia. Goti linalomlaza mtu Kibwezi huwa limeanza kuumizwa na kiti kilichofungwa vibaya Nairobi, na ajali ya alasiri karibu na Voi huenda ilipangwa na ratiba iliyochelewesha kiamshakinywa. Kwa hiyo, kabla hamjatengeneza chochote, ulizeni kwanza ni nini kilichobadilika tangu mambo yalipokuwa sawa.

Tairi linaisha upepo, linazibwa, kisha linaisha tena

Pancha moja si jambo la kushangaza. Linalopaswa kuwashtua ni baiskeli ileile kupata pancha mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana, kwa kuwa hiyo ina maana kwamba tundu limezibwa lakini kilichotoboa bado kimo ndani ya tairi. Katika barabara hii mkosaji mkuu si mwiba wa mgunga, ingawa miiba ni tele kuanzia Kibwezi kwenda chini, mahali popote mnapotoka kwenye lami ili mpumzike. Mkosaji mkuu ni waya. Lori linapopasukiwa na tairi huacha vipande vya mpira pembeni mwa barabara, na ndani ya vipande hivyo mna nyuzi za chuma nyembamba ambazo hutawanyika katika ukingo uleule ambao waendeshaji wa baiskeli wanalazimika kuupitia. Uzi mmoja huingia polepole, ncha yake ikachomoza ndani ya tairi kwa milimita moja tu, na upepo ukatoka taratibu kiasi kwamba mwendeshaji hudhani ni miguu yake inayochoka.

Kabla ya kutoa tyubu, tieni alama kwenye tairi mahali valvu ilipo. Jazeni tyubu upepo, ipitisheni karibu na midomo, ambayo huhisi hewa upesi kuliko vidole, na mkishalipata tundu pimeni umbali wake kutoka kwenye valvu, kisha mwende mahali hapohapo kwenye tairi. Pitisheni pamba kidogo upande wa ndani, kuelekea pande zote mbili, nayo itanaswa na ncha ambayo jicho halikuiona. Waya huo ung'olewe kwa koleo dogo au kikata kucha, kwa sababu vidole vitupu huuvunja na kuacha kipande ndani. Kazi hii huchukua dakika chache, na hakuna ruhusa ya kuiruka hata kama kundi zima limesimama juani likisubiri.

Mahali tundu lilipo hueleza mengi. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba ni ishara ya upepo mdogo: tairi limegonga tuta au ukingo wa lami uliobomoka, na tyubu ikabanwa na rimu. Tundu lililo upande wa ndani, unaolalia rimu, linatokana na kichwa cha spoki au utepe wa rimu uliosogea, na kutafuta mwiba katika hali hiyo ni kupoteza muda. Mpasuko kwenye shina la valvu hutokana na pampu iliyovutwa kwa nguvu. Kiraka kinachobanduka chenyewe mchana kilibandikwa juu ya gundi ambayo haikusubiriwa ikauke, au juu ya mpira ambao haukukwaruzwa. Tairi likichanika ubavuni, kipande cha pakiti ngumu ya maziwa kikiwekwa kati ya tyubu na tairi kitamfikisha mtu mji unaofuata.

Ikiwa pancha zimetapakaa katika msafara mzima tangu siku ya kwanza, chanzo kiko kwenye matayarisho. Baiskeli nyingi Nairobi ni za mtumba, na tairi zake huja zikiwa zimekaa ghalani kwa miaka, mpira umekauka na una nyufa ndogo unazoziona ukilikunja tairi kwa vidole. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza ya mwendeshaji iende kwenye tairi mbili mpya za upana wa milimita 32 au zaidi, kabla ya mavazi na kabla ya taa za mapambo. Tairi jembamba halina faida katika barabara hii.

Kundi linakatika kabla ya kufika Kyumbi

Kufikia njia panda ya Machakos, wa kwanza wameshatangulia kwa nusu saa, wa katikati hawajui wako kundi gani, na wa mwisho wanaendesha peke yao huku malori yakiwapita. Watu hulaumu tofauti ya nguvu, ambayo ipo lakini si chanzo. Chanzo cha kawaida ni namna ya kupumzika. Walio mbele hufika kituoni, hunywa chai, hunyoosha miguu, na mara wa mwisho anapowasili wao huondoka. Kwa hiyo mtu mwenye uhitaji mkubwa wa pumziko ndiye asiyepumzika kabisa, na pengo hukua kila kituo. Tiba yake ni kuhesabu muda wa mapumziko tangu mtu wa mwisho anaposhuka kwenye baiskeli yake, na kiongozi alisimamie hilo bila aibu, hata walio na kasi wakinung'unika.

Chanzo cha pili ni ukubwa wa kundi. Watu thelathini kwa mstari mmoja hawawezi kudumu pamoja, kwa sababu kila anayefunga breki mbele humlazimisha wa nyuma yake kufunga zaidi, na wa mwisho hujikuta akisimama na kuanza upya mfululizo. Wagawanyeni katika vikundi vya watu sita hadi wanane wenye kasi inayolingana, kila kikundi kikiwa na mtu wa mbele anayejua njia na mtu wa nyuma mwenye simu na pampu, na acheni nafasi kubwa kati ya kikundi na kikundi ili lori likiwapita liweze kurudi upande wake. Gari la msaada lifuate nyuma ya mtu wa mwisho kabisa. Gari linalotangulia ili kupiga picha halimsaidii yeyote aliyeanguka.

Ikiwa kundi lilikuwa pamoja hadi Mtito Andei, kisha likaanza kukatika siku iliyofuata, tazameni upepo. Msafara unaelekea kusini-mashariki, na katika miezi ya kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, upepo huja usoni moja kwa moja. Mtu aliyetengana na mwenzake kwa mita kumi tu hupoteza kinga yote, naye hawezi tena kuifikia. Hapo kazi ya walio na nguvu inabadilika: wakae mbele kwa zamu fupi, wapunguze mwendo, na walio dhaifu wabaki nyuma ya gurudumu la mwenzao bila kudaiwa zamu. Kaskazi, unaovuma kati ya Desemba na Machi, una hatari yake, kwa kuwa huwapiga waendeshaji kutoka ubavu wa kushoto na kuwasukuma kuelekea katikati ya barabara. Lori linapopita upande wa kulia hewa huvurugika, baiskeli huyumba kwa ghafla, na mtu anayeshika usukani kwa mkono mmoja ili anywe maji huweza kuvutwa hadi kwenye njia ya magari. Kwa hiyo kunywa maji kusubiri mpaka lori limepita.

Mtu ameishiwa nguvu, anatetemeka au anaona kizunguzungu

Hapa ndipo makosa huwa na gharama kubwa, kwa sababu hali nne tofauti hufanana kwa mtazamo wa haraka na tiba ya moja yaweza kuizidisha nyingine.

Ya kwanza ni njaa. Mtu alikuwa akienda vizuri, kisha ndani ya dakika chache miguu ikawa mizito, mikono ikatetemeka, akawa mkali au akanyamaza, na jasho likawa baridi. Huyo hana sukari ya kutosha mwilini. Apewe kitu kitamu mara moja, soda au chai ya sukari, kisha chakula, naye atarudiwa na uhai baada ya muda mfupi. Chanzo chake kiko saa mbili zilizopita: kazi ndefu ya namna hii huhitaji takriban gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ndizi moja kubwa mbivu hutoa karibu gramu 30. Viazi vitamu vya kuchemsha, tende na chapati hufaa vilevile, na ni rahisi kuvimeza kuliko biskuti kavu. Nyama choma ya mchana ni furaha ya jioni iliyokosea saa, kwani hukaa tumboni muda mrefu wakati damu inahitajika miguuni. Makindu kuna hekalu la Sikh ambalo kwa miaka mingi limewapa wasafiri chakula bila malipo, na wali, dengu na chapati zake ni mlo unaofaa kabisa. Kikundi chenye adabu huvua viatu, hufunika kichwa na huacha sadaka.

Ya pili ni upungufu wa maji: kiu, mkojo mchache wenye rangi nzito, maumivu ya kichwa, mapigo ya moyo yanayokimbia hata mtu akipumzika. Maji ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ni bora kuliko maji matupu.

Ya tatu ni kinyume chake, na ndiyo inayosahauliwa. Mwendeshaji mwangalifu aliyeambiwa anywe maji mengi hunywa maji matupu siku nzima huku chumvi ikimtoka kwa jasho, mpaka chumvi ya damu inapungua. Naye huumwa kichwa na huona kichefuchefu, lakini vidole vyake vimevimba, pete inambana, na mkojo wake ni mweupe na mwingi. Ukimwongezea maji unamdhuru. Asimamishwe, asipewe maji matupu, apewe kitu chenye chumvi, na akianza kuchanganyikiwa, kutapika mfululizo au kupata degedege apelekwe hospitalini pasipo kungoja. Hospitali za serikali za Makindu na Voi ziko jirani na barabara hii, na kila dereva wa gari la msaada anapaswa kuzijua njia zake kabla ya safari kuanza.

Ya nne ni kiharusi cha joto. Mwili umepita nyuzi 40, ngozi inawaka, na mtu anasema maneno yasiyo na mpangilio au anayumba. Asidhaniwe kuwa salama kwa sababu bado anatoka jasho. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma, na mwendelee hivyo hata ndani ya gari likiwa linakwenda hospitalini. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu timamu. Kupoza kwanza ndiko kunakookoa maisha.

Msafara ukiwa na wagonjwa wengi wa joto kwa siku moja, chanzo ni ratiba na mazoezi. Mwili huhitaji takriban siku 10 hadi 14 za kazi katika joto ili ulizoee, na asubuhi za Nairobi hazitoi joto hilo. Barabara ya Magadi, ukiteremka kutoka Kona Baridi kuelekea Bonde la Ufa, ndiyo shule iliyo karibu zaidi, mradi gari liwepo la kuwarudisha waliochoka. Safarini, ondokeni kunapopambazuka, na sehemu kubwa ya kilomita za siku iwe imekwisha kabla ya saa tano.

Maumivu ya goti, ganzi ya mikono na vidonda vya makalio

Goti linalouma mbele, chini ya kifupa chake, kwa kawaida hulalamikia kiti kilicho chini mno au gia nzito. Linalouma nyuma hulalamikia kiti kilicho juu mno. Kipimo cha haraka ni kuketi, kuweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na kuona kama mguu umenyooka bila nyonga kuinama upande. Rekebisheni milimita chache kwa wakati mmoja, kwa sababu kubadilisha kwa kiasi kikubwa katikati ya safari huhamisha maumivu badala ya kuyaondoa.

Ganzi ya kidole kidogo na jirani yake inatokana na neva iliyobanwa kwenye kiganja. Badilisheni mahali pa kushika, legezeni viwiko, na mhakikishe kiti hakijainama mbele, kwani kiti kilichoinama huutupa uzito wote wa kifua mikononi.

Vidonda vya makalio huonewa haya, na haya hiyo ndiyo huvigeuza kuwa jipu. Suruali yenye sponji huvaliwa bila nguo ya ndani, hufuliwa kila jioni na kukaushwa kabisa, na ngozi hupakwa mafuta mazito, hata yale ya kukamulia ng'ombe yanayouzwa kila duka. Kiongozi alitaje jambo hili wazi jioni ya kwanza, na awepo mwanamke wa kuzungumza na wanawake.

Mnyororo unaruka, gia hazishiki

Ikiwa ulianza kuruka baada ya baiskeli kusafirishwa garini au kuanguka upande wa kulia, kishikio cha gia za nyuma kimepinda. Kitazamwe kutoka nyuma na kinyooshwe na fundi kwa uangalifu. Ikiwa unaruka tu unapokanyaga kwa nguvu kupanda kilima, mnyororo na meno ya gia vimelika. Mnyororo mpya juu ya meno ya zamani mara nyingi huruka zaidi, kwa hiyo vibadilishwe pamoja, na mapema, Nairobi, ambako vipuri vinapatikana. Breki zinazolia baada ya mvua zisafishwe.

Mtu mzoefu anaanza kufanya makosa ya mwanafunzi

Kugusa gurudumu la mbele, kutoona tuta, kusahau kuonyesha shimo kwa mkono: yote haya yakitokea alasiri ni dalili ya uchovu, na tiba yake ni kusimama. Msiikamilishe siku gizani ili kutimiza ratiba. Kati ya Mtito Andei na Voi barabara inapita katikati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambako tembo huvuka hasa jioni na alfajiri, na madereva wa malori wenyewe wamechoka saa hizo. Siku ya mwisho inahitaji tahadhari ya namna yake, kwa sababu kuanzia Mariakani magari ya mizigo ya bandarini hukaribiana, Mazeras hadi Changamwe kuna miteremko, na waendeshaji wanaonusa bahari hutaka kukimbia. Hapo vikundi vyote viungane na kutembea kwa kasi ya aliye wa mwisho.

Mgonjwa anakataa kupanda gari, na ahadi hazilipwi

Haya mawili nimeyaweka pamoja kwa sababu chanzo chake mara nyingi ni kimoja. Mwendeshaji mwenye homa au goti lililovimba anang'ang'ania kuendelea, na wenzake humsifu kwa ujasiri. Mwulizeni faraghani, na mara nyingi mtagundua kwamba wafadhili wake waliahidi kiasi fulani kwa kila kilomita, naye anaamini kwamba kila kilomita atakayokaa garini imepokonywa wadi ya watoto, karo ya wanafunzi au kisima ambacho msafara unakichangia. Mtu huyo hana ukaidi. Amewekwa katika mtego wa huruma yake mwenyewe. Uamuzi sahihi hufanywa miezi kadhaa kabla: ahadi iwe ya safari nzima ya kundi, na wafadhili waambiwe kwa maandishi kwamba wanachangia kazi inayokusudiwa, na kwamba atakayepanda gari kwa agizo la muuguzi hapunguzi mchango wa mtu. Kama ahadi za kilomita zimeshatolewa, kiongozi awapigie wafadhili hao simu akiwa njiani na kuwaeleza; wengi hukubali papo hapo.

Ahadi zisizolipwa baada ya safari nazo huwa na asili inayofanana. Fedha iliyoahidiwa kulipwa "mkifika" hupoa pamoja na habari zenyewe. Tangazeni nambari ya paybill, yaani ya kupokea malipo ya simu kwa jina la msafara, wiki nyingi kabla ya kuondoka, itumieni hiyo peke yake, wala pasiwe na mtu anayepokea michango kwenye simu yake binafsi hata kama ni mweka hazina anayeaminika na wote. Gharama za msafara, yaani mafuta ya gari, malazi na chakula, zilipwe kutokana na ada za waendeshaji au kwa mdhamini aliyekubali hivyo, na ziwe na hesabu yake mbali. Minong'ono ikianza kuhusu fedha zilikokwenda, chanzo kwa kawaida ni kuchanganya mifuko hiyo miwili, na maelezo ya mdomo hayatatosha. Pelekeni kwa wachangiaji wote taarifa ya paybill, risiti za gharama na stakabadhi iliyotiwa sahihi na taasisi iliyopokea fedha, katika wiki ileile mliyorudi Nairobi, na ahadi zilizobaki ziorodheshwe kwa kiasi tu, bila majina.